Fedha za kikundi kisicho na mwenyekiti

Swali: Tuko watu 12 tunaosaidiana kwenye ugonjwa na misiba. Hatutaki mwenyekiti. Fedha zitalindwaje?

Jibu: Kukataa bwana si kukataa utaratibu. Sanduku liwe na kufuli 3, funguo zishikwe na watu 3 wasio wa nyumba moja. Kila mkutano, daftari lisomwe kwa sauti na fedha zihesabiwe mbele ya wote. Kazi zizunguke kila baada ya miezi 3, na anayeingia ashirikiane na anayetoka kwa wiki 4. Hapa ndipo vikundi huharibika: asiyeachia daftari hugeuka mkubwa bila kuchaguliwa. Mshika kazi aweze kuondolewa wakati wowote, kanuni iliyokubaliwa pia na Komuni ya Paris, utawala wa wananchi walioasi katika mji huo wa Ufaransa, mwaka 1871. Dharura zisisubiri mkutano. Wekeni kiwango ambacho wenye funguo wanaweza kutoa, kisha watoe taarifa.