Bustani ya Barazani: Maswali ya Wasomaji

Nina kibaraza cha saruji, mita 2 kwa 3, hapa Tabata, Dar es Salaam. Jua linapiga saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nina ndoo nne za lita 20. Nianze na nini?
*Msomaji wa Tabata*

Dada, saa tano za jua zinatosha kwa mboga za majani: mchicha, sukuma wiki, matembele, chainizi. Nyanya na pilipili hoho zinataka saa sita au zaidi, kwa hiyo msimu wa kwanza ziache.

Kama ndoo zilikuwa za mafuta ya kula, hizo ni nzuri. Za rangi pandia maua.

Pasha moto msumari mnene utoboe matundu sita ya upana wa sentimita 1 kwenye kitako. Juu ya matundu tandaza kipande cha chandarua kuukuu ili udongo usitoroke. Usiweke kokoto chini. Wengi wanaamini zinasaidia kutoa maji, lakini maji hubaki kwenye udongo juu ya kokoto hadi udongo ule ujae kabisa, na mizizi inapoteza nafasi bure. Inua kila ndoo juu ya matofali mawili: maji yapate pa kutokea, na joto la saruji lisipande moja kwa moja hadi kwenye mizizi.

Udongo: ndoo mbili za udongo wa juu wa tifutifu, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza, moja ya maganda ya mpunga yaliyokwisha kuchakaa. Maganda mabichi yanapooza hula nitrojeni, na mboga zinageuka njano. Samadi ipime kwa mkono na pua: ikiwa bado ina joto ndani ya kiroba, au inakuwasha pua, haijaiva na itaunguza miche. Ya kuku ndiyo kali zaidi. Iozeshe miezi mitatu kwanza. Jaza hadi sentimita 3 chini ya mdomo wa ndoo, mwagilia, subiri siku mbili udongo ushuke, kisha ongeza.

Mchicha usie moja kwa moja. Changanya kijiko kidogo cha mbegu na vijiko vitano vya mchanga mkavu, nyunyiza, funika kwa udongo mwembamba wa nusu sentimita tu. Ukifukia zaidi hauchomozi. Wiki ya tatu au ya nne unaanza kuchuma. Sukuma wiki panda mche mmoja kwa ndoo, miwili ukipenda, usizidishe; chuma majani ya chini, kile kichwa cha juu usikiguse.

Ndoo iliyolowa ina uzito wa kilo 25 hivi. Anayekaa ghorofani azipange kando ya ukuta wa nyumba, si ukingoni.

Nyanya zangu za kwenye ndoo zinafanya doa jeusi chini, lililobonyea na kuwa kama ngozi. Nimepiga dawa ya ukungu mara tatu, haisaidii. Je, maganda ya mayai yatafaa?
*Msomaji wa Morogoro*

Dawa haisaidii kwa sababu huo si ukungu. Ni kuoza kitako: kalisiamu haikufika kwenye ncha ya tunda. Kalisiamu husafiri na maji, na kitako cha nyanya ndicho cha mwisho kufikiwa. Ndoo ikikauka mchana kutwa kisha ikafurikishwa jioni, njia hiyo inakatika, hata kama kalisiamu imo tele kwenye udongo. Maganda ya mayai huchukua miezi kuoza, hayataokoa matunda ya sasa.

Mwagilia asubuhi na jioni kipindi cha joto, mpaka maji yatoke chini. Kabla ya kumwagilia zamisha kidole hadi kiungo cha pili; kikitoka na udongo unaonata, subiri. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 4, zisiguse shina. Ndoo moja, mche mmoja. Punguza urea, maana majani mengi huvuta maji yote. Matunda yenye doa yachume uyatupe. Yatakayotunga baada ya hapo ndiyo yatakuonyesha kama umefaulu.

Kingo za majani ya mchicha zinakauka, na juu ya udongo kuna utando mweupe. Natumia maji ya kisima.
*Msomaji wa Mbagala*

Utando huo ni chumvi. Yaonje maji yako. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Kila unapomwagilia kidogokidogo, maji yanapaa, chumvi inabaki. Kwangua utando, kisha pitisha lita 40 za maji ya mvua au ya bomba katika kila ndoo ya lita 20, polepole, yatokee yote chini. Rudia kila mwezi. Chumvi ikipungua virutubisho navyo vimeondoka, kwa hiyo siku tatu baadaye rudishia konzi mbili za samadi iliyooza.

Vidukari wamejaa chini ya majani ya sukuma wiki. Sitaki sumu.
*Msomaji wa Mombasa*

Wafute kwa vidole na maji kwanza. Waliobaki, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, unyunyize jioni chini ya majani, kila baada ya siku nne. Ukinyunyiza juani majani yataungua. Angalia na sisimizi: wakipanda shina kwa msururu, ndio wanaowalinda vidukari kwa ajili ya ule utamu wao. Pakaza grisi kwenye matofali chini ya ndoo, uwakatie njia.