Mama aliugua saratani ya titi. Hatari "mara mbili" ni mara mbili ya nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34 na watoto wawili, naishi Morogoro. Mama aligundulika na saratani ya titi akiwa na miaka 47, akapasuliwa, sasa anaendelea vizuri. Nesi kaniambia hatari yangu ni mara mbili ya mwanamke mwingine, na tangu siku hiyo silali. Nikapige mamogramu, ile eksirei ya matiti? Nikate matiti mapema? Na ni kweli uvimbe ukichomwa sindano unaamka?

JIBU: Marahaba, dada. Nesi hakukosea, ila alikupa habari nusu. Mara mbili ya nini? Hata Marekani, ambako ugonjwa huu umeenea kuliko kwetu, katika wanawake 200 wenye miaka 30 ni kama mmoja tu anayeupata kabla ya kufikisha 40. Zidisha mara mbili, wanakuwa wawili. Hatari hupanda umri unavyosogea, kwa hiyo sisemi usahau. Nasema ulale.

Ila kuna jambo hukuliandika. Vipi upande wa baba? Karibu kila mtu huhesabu ukoo wa mama tu. Kati ya wagonjwa 100, kama 5 hadi 10 hivi huwa wamerithi ugonjwa moja kwa moja, mara nyingi kupitia hitilafu kwenye jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, na baba naye huibeba hitilafu hiyo na kumrithisha mtoto wa kike au wa kiume. Mwanamke mwenye hitilafu hiyo, uwezekano wake wa kuugua kabla ya miaka 80 unakaribia 70 kwa 100. Mazungumzo ya kukata matiti ni ya watu wa kundi hilo. Kwa hiyo waulize shangazi zako: nani aliugua titi kabla ya miaka 50? Nani alikuwa na saratani ya ovari? Kuna mwanaume wa ukoo aliyeugua titi? Majibu yakiwa ndiyo, mwende na mama kwa daktari wake mzungumzie kipimo cha jeni, na kianzie kwake yeye aliyeugua. Wasipopatikana wengine, suala la kukata liweke kando, ila mama bado amuulize daktari wake kuhusu kipimo hicho, maana yeye mwenyewe aliugua kabla ya miaka 50.

Mamogramu subiri kidogo. Katika umri wako titi bado lina tezi nyingi, na kwenye picha tezi ni nyeupe, uvimbe nao mweupe. Ni kutafuta chumvi ndani ya sukari. Madaktari wengi huanza miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao mama, yaani wewe ukiwa na 37. Kabla ya hapo mtaalamu akupapase kila mwaka, na akihisi kitu upigwe altrasaundi.

Ratiba ya kujipapasa kila mwezi sikupi. Kule Shanghai, China, katika utafiti wa wanawake zaidi ya 266,000, kama nusu yao walifundishwa kujipapasa na kufuatiliwa, na vifo havikupungua. Lakini yajue matiti yako. Ukiona kivimbe kipya, ngozi kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, usisubiri hedhi ijayo.

Vya kupunguza hatari si vingi, ila ni vya kweli. Kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa karibu asilimia 4, na miezi ya watoto wote hujumlishwa. Pombe huongeza, hata ya kiasi, bia na mvinyo vilevile. Unene huumiza zaidi baada ya hedhi kukoma. Sidiria na deodoranti zinasingiziwa tu, ziache zipumzike.

Sasa sindano. Haiamshi kitu. Kinachotokea ni hiki: mtu anakaa na uvimbe mwaka mzima, kwanza dawa ya kuchua, kisha maombi, kisha mganga, halafu anakubali kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama cha kupima. Miezi miwili baadaye hali inakuwa mbaya, na ndugu wanakumbuka sindano, hawakumbuki ule mwaka. Kinyama hicho ndicho kinachoonyesha kama uvimbe unalishwa na homoni, na kama ni hivyo kuna tamoxifen, kidonge cha kumeza nyumbani. Bila kinyama daktari anabahatisha. Muulize mama yako, naamini alichomwa kabla ya kupasuliwa, na yupo.

Ukishaongea na shangazi, niandikie umri wa kila aliyeugua.