Mama muuza makala na kuni mbili

Ndugu mhariri, wiki hii mmetuuliza kwa nini watu wazima wengi huanza mafundisho ya ubatizo na kuyaacha katikati. Nafundisha wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, hapa Katuba, Lubumbashi, na jibu langu ni hili: tunawafundisha kama watoto.

Nilikuwa na mama mmoja mjane, muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Kila Jumamosi alikuja vumbi jeusi likiwa bado kwenye kucha, akajibana kwenye dawati la shule ya msingi. Siku moja nilimsimamisha atoe jibu la katekisimu neno kwa neno. Alifika nusu, akanyamaza. Vijana wa nyuma wakacheka. Jumamosi iliyofuata hakuja, nikamfuata kwake. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mwalimu, nilimzika mume wangu huku naomba. Hilo hujaniuliza."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeandika sana juu ya elimu ya watu wazima, alieleza kwamba mtu mzima hutaka kwanza kujua sababu ya kujifunza jambo, na kwamba ukiyadharau aliyoyapitia umemdharau mwenyewe. Paulo Freire wa Brazili naye aliwafundisha watu kusoma kwa kuanzia maneno ya kazi zao, kama "tofali": walizungumza kwanza juu ya ujenzi na maisha yao, ndipo wakalisoma neno lenyewe.

Ila sisi wa Katanga tulikuwa na mfano wetu nyumbani. Miaka ya 1950, kule Kolwezi, padri Mfransisko Placide Tempels, Mbelgiji, aliacha kutanguliza mahubiri, akawasikiliza wafanyakazi wa migodi na wake zao: ninyi ni nani, mnatamani nini? Katika mazungumzo hayo yakakomaa maneno matatu, uzima, uzazi na mapendo, na ikazaliwa Jamaa, vuguvugu la familia za Kikatoliki. Mume na mke walifundishwa pamoja, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili chao wenyewe. Baadaye yakaja magomvi na maaskofu, na siwezi kutetea kila kilichofanyika. Lakini ule mwanzo wa kuuliza na kusikiliza ulikuwa sahihi, na inaniuma kwamba tuliuacha.

Mimi sasa madarasa yangu nimeyahamishia uani, viti vya plastiki, duara. Naanza kwa kuuliza: wiki hii ni jambo gani lililokufanya uombe? Tukishasikilizana ndipo tunafungua Maandiko. Kukariri sijakufuta, na sitakufuta. Nimekaa na wagonjwa walioishiwa maneno yao yote, Baba Yetu ikabaki mdomoni.

Yule mama alirudi. Jumamosi moja tulisoma habari za mjane wa Sarepta, yule aliyebaki na konzi ya unga, akaokota kuni ajipikie yeye na mwanawe, wale, wafe. Mama akaniomba nirudie mstari.

"Kuni ngapi?"

"Mbili, mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Kuni mbili haziivishi hata bukari (ugali) ya mtoto. Huyu alikuwa hana nguvu tena za kuinama."

Nimeisoma sura ile miaka mingi. Sikuwahi kuzihesabu zile kuni.