Eunos Roadster ya 1992 nyumbani: anza na maji, injini baadaye

Mkuu uliyeuliza kuhusu Eunos Roadster ya 1992, nimekusoma vizuri. Umesema paa limechanika pembeni ya kioo cha nyuma, kapeti upande wa abiria limelowa, injini inagonga tik tik tik ikiwaka asubuhi, na muuzaji anakwambia "ni injini tu inataka kuangaliwa kidogo". Unataka kujua kama mtu mwenye spana zake na uwanja wa nyumbani ataimudu bila kuhamia gereji. Mi ninayo ya aina hiyo hiyo hapa Dar na naihudumia mwenyewe nyumbani miaka sasa, kwa hiyo jibu ni ndio, utaimudu, ila huyo muuzaji kakugeuzia habari. Injini ya hiyo gari ndo kitu cha mwisho cha kukutisha. Hizi gari zinakufa kwa maji, na hilo kapeti ndo la kukukosesha usingizi, sio huo mlio.

Kwa wadau wasioijua, hii ni ile Mazda MX-5 ya kwanza yenye taa za kuchomoza, ilitoka 1989 na kwao Japani ikauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Za mwanzo zina injini ya 1.6 na namba ya chesi inaanza na NA6CE, mwaka 1993 ikaja ya 1.8 ambayo ni NA8C. Usukani ni kulia kwa hiyo kwetu zinafaa moja kwa moja. Wenzetu wa Kenya sheria yao haiwaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo wao wagombanie zilizoko ndani tayari.

Sasa maji. Paa la hii gari halikuundwa kuzuia maji asilimia mia, limeundwa kuyapeleka mahali. Mvua ikinyesha maji yanateremka kwenye turubai, yanaingia kwenye kimfereji cha plastiki kilichozunguka nyuma ya viti, hicho kimfereji kinayamwaga kwenye matundu mawili, moja kila upande, yako ndani kule nyuma ya nguzo ya mkanda wa kiti. Kutoka hapo kuna mpira unashuka hadi chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Sasa miaka thelathini ya vumbi na majani ya mwembe, lile tundu linaziba, maji yanajaa, yanakosa pa kwenda, yanageukia ndani ya gari na mengine yanaingia kwenye kizingiti, yaani ile boksi ndefu ya bati chini ya mlango. Kwa nje unaona rangi safi kabisa, ndani kutu inakula taratibu, siku unakuja kushtuka rangi imetoa malengelenge mbele ya tairi la nyuma ujue bati limeshakwisha kitambo.

Kuzibua ni kazi ya bure kabisa. Kunja paa nusu, sogeza kiti mbele, papasa kwa kidole utalipata tundu, toa uchafu kwa mkono kwanza. Halafu chukua ile nailoni nene ya mashine ya kukatia majani, ipitishe polepole ukiizungusha mpaka itokee chini. Usitumie upepo wa kompresa, najua wengi mtataka kukimbilia hapo, ule mpira ni wa zamani na ukiupiga upepo unaweza kuchomoka sehemu ilipounganishwa ndani, ukishachomoka huo maji yote yanamwagika ndani ya bodi na kuufikia ni shughuli. Ukimaliza mimina jagi la maji kidogo kidogo kwenye tundu, mtu mwingine achungulie chini. Yatoke yanachuruzika kwa nguvu upande huo huo. Yakitoka kwa matone bado kuna uchafu, rudia. Mi nafanya kabla ya masika na kabla ya vuli, na nikipaki chini ya mti naangalia zaidi ya hapo. Kwenye ukingo wa chini wa milango kuna vitundu pia, hivyo navyo vichokonoe.

Kapeti lililolowa usidanganywe na "likipigwa jua litakauka". Chini yake kuna sponji nene na hiyo ndo inashika maji, juu pamekauka chini kuna bwawa. Toa viti, kila kimoja ni bolti nne tu, toa kapeti lote, anika siku kadhaa, halafu ndo uangalie sakafu. Kutu ya juu juu unakwangua kwa brashi ya waya, unapaka dawa ya kutu, praima, rangi, imeisha. Kutu ya kutoboa ni habari nyingine.

Na hapa naomba unisikilize vizuri maana nimeona watu wameharibiwa gari. Gari yenye paa la bati inapata nguvu mpaka juu, hii ya wazi nguvu yake kubwa iko kwenye vizingiti na sakafu. Fundi wa kuchomelea asiyezoea akikata kizingiti chote huku gari imening'inia kwenye jeki, bodi inapinda katikati, akishachomelea bati jipya amelifunga likiwa limepinda, kuanzia siku hiyo mlango unagoma kufunga na hakuna kurekebisha bawaba kutakakosaidia. Kazi kama hiyo gari isimame kwenye magurudumu yake au itegemezwe kwa usawa sehemu nyingi, nafasi kati ya mlango na bodi ipimwe kabla, kisha bati likatwe na kuzibwa kipande kwa kipande. Akikwambia anamaliza leo leo pande zote mbili, chukua funguo zako uondoke.

Kuna suala la oili chafu. Najua hapa mjini, hasa sie wa karibu na bahari, watu wanapulizia oili chafu chini ya gari kuzuia kutu ya chumvi. Kwa bati inasaidia, sikatai, ila inakula mpira, na hii gari kuna bushi kila kona maana saspensheni ni ya mikono miwili juu na chini magurudumu yote manne. Halafu ni gari ya wazi, harufu yote inakuja puani. Bora nta ya kupulizia ndani ya vizingiti kwa mrija kupitia vitundu vyake, na kuosha chini kwa maji baridi ukitoka beach.

Paa lenyewe. Kioo cha nyuma cha hii ya kwanza sio kioo, ni plastiki yenye zipu. Sheria namba moja: kabla ya kukunja paa fungua zipu, laza hiyo plastiki iwe flati juu ya taulo. Wanaokunja bila kufungua zipu ndo wanaipata ile michirizi ya ukungu na baadae inapasuka kwenye mkunjo. Vumbi usilifute kavu, mwagia maji kwanza ndo upitishe kitambaa laini. Zipu ikikwama ioshe kwa sabuni, ikauke, isugue na mshumaa, inateleza kama ya begi jipya.

Huko kulikochanika, kama ni mshono tu umeachia na turubai lenyewe bado lina uhai, fundi wa viti vya gari mwenye cherehani nzito anakushonea vizuri, ila msimamie uzi. Awe na uzi wa polista wa kazi ya nje, ukishonwa na uzi wa pamba jua la hapa halikai nao. Mwambie apite kwenye matundu yale yale ya zamani asitoboe mapya, na ndani upake gundi inayozuia maji. Kama turubai limekauka linapasuka ukilikunja, usipoteze hela kushona, agiza jipya. Kubadilisha unaweza mwenyewe wikiendi moja na msaidizi, nyuma limeshikwa na vipande vya chuma vyenye nati za namba 10 nyingi nyingi, mbele limebanwa kwenye fremu. Kimfereji cha plastiki nilichosema huko juu agiza kipya hapo hapo, kile cha zamani kikishaguswa kinavunjika. Na raba za madirisha zipake grisi ya silikoni, grisi ya kawaida inazifanya zivimbe.

Turudi kwenye injini yako inayogonga. Hizi za 1.6 zina tapeti (vile vidude vinavyosukuma valvu) zinazojirekebisha kwa oili, gari ikilala oili inashuka, asubuhi zinagonga mpaka zijae tena. Ikinyamaza baada ya dakika chache wala usihangaike, weka 10W-40 nzuri na ubadilishe mapema kuliko ulivyozoea. Ikigonga muda wote hata ikiwa ya moto hapo ndo kuna tapeti za kutoa na kuosha au kubadili.

Taimingi belti, yaani mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende pamoja, mafundi watakutisha kwamba ikikatika valvu zimepinda injini imekufa. Kwa hii sio kweli, ikikatika pistoni hazifiki kwenye valvu, gari inazima tu barabarani unavutwa nyumbani. Bado usisubiri ikatike, ni kila kilomita 100,000, na kama hujui ilibadilishwa lini ihesabu imeisha. Wota pampu inazungushwa na belti ya nje ya alternata, ila kuitoa lazima ufungue taimingi belti, kwa hiyo badilisha vyote pamoja. Ila kabla hujashika kitu angalia mbele puli ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Za mwanzo, mpaka karibu katikati ya 1991, nyingi zina krenki yenye pua fupi na puli yake ina mikato minne, za baadae ina minane. Ya pua fupi ile bolti kubwa ya kati ikifungwa vibaya inalegea, kabari (kichuma kidogo kinachoshika puli isizunguke peke yake) inakula njia yake na krenki inaharibika. Belti unaweza kubadili kwa kufungua bolti nne ndogo za puli bila kuigusa hiyo kubwa, so kama sili ya mbele haivuji iache ilivyo. Yako ya 1992 inatakiwa iwe ya minane, ila injini zinabadilishwa, hakikisha kwa macho.

Oili ikidondoka nyuma ya injini, fundi atasema sili ya krenki ya nyuma, shusha giaboksi, andaa laki kadhaa. Kabla hujakubali, pitisha mkono nyuma ya silinda hedi kwenye ile sensa inayokaa kwenye mwisho wa kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu. Ndani yake kuna oringi ndogo, ikikauka inavujisha oili inateremka hadi kwenye kengele ya giaboksi (ile sehemu pana inayoungana na injini) na inafanana kabisa na sili ya krenki. Bei yake haifiki hata sahani ya chips kuku. Weka alama ilipokaa sensa kabla ya kuichomoa, la sivyo unavuruga taimingi, yaani muda wa plagi kutoa cheche. Na akija mtu kukupimia taimingi kwa taa, kwenye kile kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS aunganishe TEN na GND kwanza kwa kiwaya, ndo asome digrii 10. Asipojua hilo kompyuta inamsahihishia huku yeye anazungusha, mtakesha.

Rejeta: angalia tanki la plastiki la juu. Likiwa jipya ni jeusi, likigeuka kahawia limechoka, badilisha kabla halijapasuka kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana. Bloku ni chuma ila hedi ni aluminiamu, ikichemka hata mara moja hedi inaweza kupinda. Weka kulanti, sio maji ya bomba. Na themostati isitolewe, hiyo tabia ya kuchomoa themostati "kwa sababu huku ni joto" inafanya injini ikae baridi ukiwa haiwei, kompyuta inamimina mafuta zaidi, halafu unakuja huku kulalamika inakunywa.

Vingine haraka haraka. Klachi ikizama ghafla angalia silinda ya chini pale pembeni ya giaboksi, funua kile kiraba, ukikuta majimaji imekwisha, ni bolti mbili na kutoa upepo. Betri iko kwenye buti na ya asili ina mirija ya kutolea hewa nje, ukiweka ya kawaida isiyo na mirija mvuke wa asidi unakula bati la buti. Jeki weka kwenye krosimemba ya mbele au chini ya difu, kamwe usiweke kwenye ile fremu ndefu inayounganisha giaboksi na difu, na gari ikiwa kona moja iko juu usifungue milango. Tairi za asili ni 185/60R14, zipo tele na bei sio mbaya.

Kuhusu spea, vitu vya injini vingine vinaingiliana na Mazda Familia za zamani za twinkam (kamshafti mbili), ukienda Ilala au Kariakoo nenda na kile kibovu mkononi walinganishe, usiende na jina la gari maana wengi hawaijui. Vya bodi na paa agiza Japani au Uingereza ambako ziko nyingi, na utaje namba ya chesi yote.

Kabla hujalipa nenda na sumaku uipitishe kwenye vizingiti hasa mbele ya tairi la nyuma, isiposhika hapo ni puti tupu. Bei aliyokutajia na lile kapeti mimi ningetaka apunguze sana. Kachungulie hayo matundu halafu rudi na picha ya sakafu na ya puli ya krenki, tutakwambia kama ni ya kuchukua.