Kidude gani cha USB kinafaa kunasa mawimbi ya ndege?

SWALI: Mambo vipi, nataka kufuatilia ndege zinazopita juu nikiwa nyumbani kwa kompyuta, sasa hivi vidude vya redio vya USB viko vingi, vya bei chee na vya juu kidogo, nichukue kipi?

JIBU: Poa ndugu. Karibu vyote vya bei rahisi vina chipu ya RTL2832U, tofauti iko kwenye tyuna, yaani sehemu inayochagua masafa ya kunasa. Ndege zinatuma taarifa zake kwenye megahezi 1090, kwa hiyo ukikuta tyuna ya FC0012 achana nayo, inaishia kama 948 hivi, hutapata kitu. Tafuta R820T2 au R860. Kidude cha RTL-SDR Blog V3 ni kizuri kama utasikiliza na mambo mengine, ila kama shida yako ni ndege tu mi ningechukua FlightAware Pro Stick Plus, nacho ni kidude cha USB, kina amplifaya na filta ya 1090 ya kuchuja mawimbi mengine humohumo, inasaidia sana ukiwa karibu na minara ya simu. Lakini usimalize hela zote hapo! Antena ndo mpango mzima, ya kawaida tu ikikaa juu mahali pa wazi inaipita stiki ya ghali iliyofichwa nyuma ya ukuta. Programu ya kusoma taarifa hizo za ndege kwenye kompyuta, dump1090, ni ya bure.