Maswali ya Wasomaji: Baraza la Nje na Upepo wa Bahari

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Kilwa Masoko, kiasi cha mita 300 kutoka baharini. Nimetenga shilingi 3,000,000 za kiinua mgongo changu ili nijenge baraza lenye paa mbele ya nyumba, upana mita 4 na kina mita 3. Fundi amenipa makadirio ya shilingi 2,900,000: vigae 620,000, dari ya jipsamu 380,000, ufundi 600,000, na 1,300,000 zilizobaki ni za sakafu, nguzo, mbao na mabati. Nguzo nne atazifukia futi moja ardhini, na paa ataliunganisha na kenchi za nyumba. Mke wangu anahofia upepo tangu tulipoona mambo ya kimbunga cha Mei 2024, lakini jirani anasema kimbunga kile kilikuwa ajali isiyojirudia. Je, makadirio haya yametosha?

JIBU: Mwalimu, nianze na jirani yako, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua fedha zako ziende wapi. Kimbunga Hidaya kilifika karibu na kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimeanza kupungua nguvu, na bado mvua zake zilikata barabara ya kusini pale Somanga, wilayani kwako. Miaka mitatu kabla yake, Aprili 2021, kimbunga Jobo kilielekea pwani yetu kikafifia kabla ya kufika. Na tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Wazee wa Lindi wanakijua kimbunga cha Aprili 1952, na Unguja ilipoteza mikarafuu yake mingi katika kimbunga cha Aprili 1872. Vimbunga si vingi katika pwani hii, hilo jirani amesema kweli, lakini baraza unalijenga likae miaka 20 au 30, na katika muda huo hata pepo kali za kawaida zisizopewa jina zitalijaribu mara nyingi. Kwa hiyo katika jambo hili mama yuko upande wa haki.

Sasa tuyatazame makadirio. Kosa lake kubwa halimo katika bei, limo katika kilichosahauliwa: sehemu zinazolishika baraza ardhini hazikutengewa hata senti, ilhali milioni nzima imepelekwa kwenye vigae na jipsamu. Sikatai kwamba vigae vinapendeza. Ila jipsamu katika baraza lililo wazi pande tatu, tena pwani, ni fedha iliyotupwa, kwa sababu unyevunyevu utaivimbisha na upepo utakaoingia chini yake utaibandua kabla ya miaka mingi kupita.

Watu wengi hudhani upepo huangusha paa kwa kulisukuma kutoka juu au ubavuni. Paa la baraza, kwa vile halina kuta za kulizunguka, hunyanyuliwa: upepo huingia chini yake ukalisukuma juu, na wakati huohuo ule unaopita juu ya bati hulivuta. Nguvu hiyo hukua haraka kuliko mwendo wa upepo wenyewe, kwani mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 108 kwa saa hutoa msukumo unaokaribia uzito wa kilo 55 kwa kila mita ya mraba, na paa lako lina mita za mraba 12, ambayo ni kama kilo 660 zinazotaka kulipeleka angani. Uzito wa mabati na mbao za paa la namna hiyo kwa kawaida hauzidi kilo 250. Tofauti iliyobaki, zaidi ya kilo 400, sharti ishikwe na kitu fulani, na nguzo iliyofukiwa futi moja katika mchanga wa pwani haiwezi kuishika. Itang'oka kama muhogo uliokomaa.

Kinachoweza kuishika ni uzito wa zege. Shimo la sentimita 50 kwa 50 lenye kina cha sentimita 60, likijazwa zege, linakuwa na uzito wa kilo 360 hivi. Mashimo manne yatakupa kilo zipatazo 1,440. Mwalimu, hapa ndipo ninapotaka ukae na kalamu. Mashimo hayo manne yanahitaji jumla ya mita za ujazo 0.6 za zege, na kwa mchanganyiko wa kawaida wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, hiyo ni mifuko minne tu ya saruji ya kilo 50. Ikiwa mfuko mmoja kwenu ni shilingi 18,000, basi ni shilingi 72,000. Hata ukiongeza kokoto, mchanga, nondo na vibarua wa kuchimba, sioni namna mashimo hayo yatakavyofikia nusu ya gharama ya vigae. Kitu kinacholizuia paa lisiruke ndicho cha bei nafuu kuliko vyote katika orodha yako, nacho ndicho kilichoachwa.

Zege hilo, hata hivyo, litabaki ardhini peke yake ikiwa nguzo haikufungwa nalo. Mwambie fundi atangulize ndani ya zege vyuma vya kushikia nguzo, yaani bapa mbili za chuma zenye matundu ya bolti, ili mguu wa mbao ukae juu ya sakafu kwa sentimita chache badala ya kuzama ndani ya zege, mahali ambapo maji na mchwa huula bila wewe kuona. Kutoka hapo fuata kila kiungo kwa macho: nguzo na boriti, boriti na kenchi, kenchi na papi (zile mbao nyembamba zinazobeba bati), papi na bati. Paa huondokea pale penye kiungo dhaifu, na mara nyingi nimeona kiungo hicho ni cha kenchi na boriti, ambacho mafundi wengi hukipigilia misumari miwili ya kuingia kwa mshazari na kuendelea na kazi. Mahali hapo panahitaji mkanda wa chuma unaozunguka mbao zote mbili na kupigiliwa pande zote. Bati nalo lifungwe kwa skrubu zenye mpira. Na kwenye kingo na pembe, ambako mvuto wa upepo ni mkali zaidi, skrubu zikaribiane mara mbili ya zile za katikati. Ukingo wa paa usitokeze mbele ya boriti zaidi ya sentimita 45. Najua kivuli kirefu ni kitamu saa nane mchana, lakini kila sentimita inayotokeza ni mpini wa kunyanyulia.

Kuliunganisha paa la baraza na kenchi za nyumba ndilo jambo moja ambalo ningelikataa kabisa. Paa la baraza liking'oka likiwa limefungamana na la nyumba, huanza kulivuta na kulifungua paa la chumba cha kulala, na hapo hasara ya milioni tatu inageuka kuwa hasara ya nyumba. Lisimamishe juu ya nguzo zake nne, chini kidogo ya ukingo wa bati la nyumba, bila kuunganishwa nalo. Likiondoka, liondoke peke yake.

Fedha ningezipanga hivi. Ukiondoa vigae na jipsamu unarudisha shilingi 1,000,000, na pamoja na 100,000 ambazo fundi hakuzigusa unazo 1,100,000. Katika hizo, weka 300,000 kuwa kikomo cha mashimo ya zege na vyuma vyake; 250,000 kwa mikanda, bolti, skrubu na bati lenye geji nene kuliko lile la bei ya chini; 100,000 kwa mfereji wa kuyaongoza maji ya paa mbali na msingi wa nyumba. Zinabaki 450,000, na hizi ni asilimia 15 ya akiba yako yote: usimwambie fundi kwamba unazo. Ni fedha za dharura, na katika ujenzi dharura si bahati mbaya, ni sehemu ya hesabu, kwani bei ya saruji hupanda barabara ikikatika na fundi hukuta mwamba wa matumbawe alikodhani kuna udongo. Zikibaki, vigae utaviweka mwakani, juu ya sakafu iliyokwisha kukauka na kutulia.

Sakafu yenyewe, ya unene wa sentimita 10, inahitaji mita za ujazo 1.2 za zege, sawa na mifuko minane ya saruji, na miwili zaidi ya kusawazishia juu. Iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi, na iteremke kuelekea nje kwa sentimita 5 katika zile mita 3, maana mvua ya dhoruba huja kwa ubavu na maji yaliyotuama barazani yatatafuta mlango. Mchanga wa ufukweni usiukubali hata ukipewa bure. Chumvi yake italiozesha chuma ulichokilipia.

Kuhusu wakati, anza Juni na umalize kabla ya Oktoba, kabla mvua za msimu hazijashika. Kibali cha halmashauri kiombe mapema. Na ufundi ule wa 600,000 ulipe kwa awamu tatu, ya pili ikitolewa pale tu utakapopanda ngazi mwenyewe, au kumpandisha kijana mwenye macho, na kuona kila mkanda wa chuma kabla bati halijawekwa. Bati likishafunikwa, hakuna atakayejua kilichomo hadi siku ya upepo.

SWALI: Nina nyumba ndogo ya wageni Kilindoni, Mafia. Ninataka kutengeneza jukwaa la mbao la kukalia wageni, limeinuliwa mita moja na nusu juu ya mchanga, karibu kabisa na maji, kwa boriti za mikoko ambazo hapa ni rahisi kupatikana. Bajeti yangu ni ndogo. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, anzia kwenye futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuhatarisha mazingira yake, na jukwaa litakaloamriwa kubomolewa ni ghali kuliko lolote. Boriti za mikoko nazo ni rahisi pale tu usipohesabu kibali, kwa kuwa misitu ya mikoko imehifadhiwa na ruhusa ya kuvuna hutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu; tena mikoko hiyohiyo ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi yanayokuja kwako.

Ukirudi nyuma ya mita hizo, punguza kimo. Jukwaa lililoinuliwa mita moja na nusu hupokea upepo kwa chini kama dau lililogeuzwa, na linadai nguzo ndefu, mihimili ya mshazari na ngazi yenye vishikio, vyote kwa fedha. La sentimita 40 linatosha kuwaonyesha wageni bahari. Mbao zake ziachiane nafasi ya milimita 5 ili maji na upepo vipite. Mahali pa kutofanya ubahili ni kwenye skrubu: za chuma kisichoshika kutu bei yake inauma, lakini za kawaida zilizo karibu na maji ya chumvi huanza kulia kutu mapema, na kila mwaka utakuwa ukimlipa fundi kurudia kazi ileile. Paa usiweke, tumia turubai la kivuli lenye kamba, ambalo kijana mmoja anaweza kulishusha na kulikunja Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, na utenge stoo yenye mlango wa kutosha kuingiza viti na meza zote siku hiyo. Pima kwanza hivyo viti ulivyonavyo, ndipo umwambie fundi upana wa mlango.