Jamani acheni kutupia kila kitu /tmp

Nilipoanza Linux kila kitu cha muda nilikuwa natupa /tmp, folda la vitu vya muda, soketi (faili ambalo programu zinaongea kupitia kwake), faili la pid (lenye namba ya programu inayokimbia), lock (faili la kuzuia nakala ya pili isiwake), zote humohumo, na sikuona ubaya mpaka siku nilipokuta programu yangu inakimbia nakala mbili na zote zinaandika database ileile. Usiku mzima nakagua kodi, kumbe kodi haina kosa. Mashine nyingi za systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) zinafagia /tmp, faili lisiloguswa siku 10 linaondoka, sasa langu la pid nalo lilikuwa limeshafagiwa, mimi nikawasha programu tena, ikachungulia, haikuona pid, ikajua iko peke yake. Data kwisha.

Halafu /tmp ni ya wote. Ile stiki biti (alama ya ruhusa kwenye folda) inamzuia mwenzio asifute faili lako, ila haimzuii kuwahi jina, kama kila siku unaandika /tmp/kazi.lock anaweza kuliweka yeye kwanza na programu yako ikagoma kuwaka. Na ukisema uweke home, folda lako mwenyewe, haya, home ikiwa iko NFS (diski ya mtandaoni inayotumiwa na mashine kadhaa) na unaingia mashine mbili, pid ya mashine ile huku ina maana gani? Umeme ukikatika pia lock inabaki pale, ya programu iliyokufa zamani.

Mahali pake ni /run/user/ ikifuatiwa na namba yako ya yuza, mara nyingi 1000 kama uko peke yako. Inatengenezwa ukilogini, ruhusa zake 0700 kwa hiyo ni yako tu, inakaa kwenye ramu, na ukifunga sesheni ya mwisho inafutwa yote. Ila njia hiyo usiiandike kwa mkono, soma XDG_RUNTIME_DIR, kigeu cha mazingira chenye njia hiyo. Tena ni fupi, na njia ya soketi kwenye Linux ina baiti 108 tu, mwenye folda ndani ya folda ndani ya folda atanielewa.

Nilivyohamia huko nikaumia tena lakini, nimeacha programu inakimbia kwenye seva, nikatoka SSH, kurudi soketi haipo na folda lenyewe halipo! Dawa ni amri ya loginctl enable-linger, mara moja tu, folda linabaki hata ukitoka. Kingine usiweke mafaili mazito, kawaida nafasi yake ni asilimia 10 ya ramu, giga 8 zinakupa kama mega 800 hivi, na ukijaza unakula ramu yenyewe. Mazito peleka /var/tmp, kashe iende ~/.cache.

macOS kila yuza ana lake chini ya /var/folders, unalipata kwa kigeu cha TMPDIR. Windows kuna AppData\Local\Temp, ni lako ndiyo, ila ukilogauti hakuna anayekufagilia.

Na kama XDG_RUNTIME_DIR haipo, mara nyingi kwenye kroni (kazi za ratiba) au ukiingia kwa su (amri ya kubadili yuza), usirudi /tmp kimyakimya na jina lilelile la siku zote, tumia mkdtemp upate folda la jina la kubahatisha lenye 0700, na uchapishe onyo yuza alione.